Mume wa Miraba Minne Anayejiona Kimbaombao

Mke akiona mumewe ameacha pombe, amepunguza nyama ya mafuta, hakai tena vijiweni hadi usiku wa manane, na kila alfajiri anachukua taulo lake kwenda kunyanyua vyuma, atafanya nini zaidi ya kumshukuru Mungu? Majirani watamwonea wivu. Mama mkwe atamsifu kwamba anamtunza vizuri mwanawe. Ndiyo sababu jambo tunalolizungumzia mwezi huu ni gumu kulitambua. Ni ugonjwa unaovaa nguo za afya, na mara nyingi mtu wa kwanza kuhisi kwamba kuna kitu hakiko sawa ni mke, kwa kuwa ndiye anayeishi nao chumbani.

Hebu tuchukue mfano wa nyumba moja. Si nyumba ya mtu fulani, lakini wapo akina mama watakaoitambua. Baba ana umri wa miaka 30 na kidogo. Kifua kimejaa, mikono imetuna, na mtaani vijana wanamwita miraba minne. Lakini havui shati mbele ya mkewe taa ikiwa inawaka. Joto la Februari linapowafanya watu wote walale na madirisha wazi, yeye anavaa fulana mbili na juu yake shati la mikono mirefu. Akipita mbele ya kioo anasimama, anajigeuza upande, anakunja mkono, anaguna. "Mama watoto, huoni kama nimepungua?" Anajibiwa kwamba hajapungua hata kidogo. Baada ya nusu saa anauliza tena.

Harusini hali pilau kwa sababu hajui limetiwa mafuta kiasi gani. Trei la mayai linaisha kwa siku nne na watoto hawalionji. Mshahara ukitoka, unga wa protini hununuliwa kabla ya sare za shule. Siku mtoto alipoamka na homa kali, baba alikwenda kwanza mazoezini, kisha akarudi kumpeleka zahanati, na njia nzima alikuwa na hasira kwamba amekatishwa seti mbili za mwisho. Mkewe alidhani ni ubinafsi. Wengine wakamwambia ni majivuno, au kwamba labda kuna mwanamke mwingine anayetaka kupendezwa.

Inawezekana kabisa mume akawa na majivuno, au akawa na mwanamke mwingine. Hatuko hapa kuwatetea wote. Lakini mwenye majivuno hupenda kuonekana. Huyu tunayemzungumzia anajificha. Anapojitazama kwenye kioo haoni kile ambacho mtaa mzima unakiona. Anaona kifua chembamba, mikono kama vijiti, mtu dhaifu anayestahili kuchekwa. Akivaa nguo tatu anataka aonekane mnene kidogo, na wakati huohuo anataka asionekane kabisa.

Ugonjwa huu una jina

Mwaka 1993 madaktari wa hospitali ya McLean, karibu na mji wa Boston huko Marekani, wakiongozwa na Dakta Harrison Pope, walichapisha matokeo ya mazungumzo yao na wanaume 108 wanaotunisha misuli. Wanaume 9 kati yao walikuwa na imani ya ajabu: walikuwa wakubwa na wenye nguvu, lakini walijiona wadogo na dhaifu. Baadhi walikataa mialiko, walikwepa ufukweni, na walivaa nguo nzito wakati wa kiangazi. Madaktari hao walikuwa wanaujua ugonjwa wa anoreksia, ule unaomfanya binti aliyebaki mifupa mitupu ajione mnene na aendelee kukataa chakula. Kwa hiyo hali hii mpya wakaiita anoreksia iliyogeuzwa. Mwaka 1997 wakaipa jina linalotumika hadi leo, dismofia ya misuli.

Hata hivyo, mzizi wake ulijulikana zamani. Daktari Mwitaliano, Enrico Morselli, alikuwa ameeleza tangu mwaka 1891 habari za watu wanaoteswa na fikra kwamba wana kilema cha mwili ambacho wengine hawakioni. Mmoja huona pua yake imepinda, mwingine huona ngozi yake ina madoa. Mwaka 2013 kitabu cha magonjwa ya akili cha chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliiweka dismofia ya misuli katika ukoo huohuo.

Je, tutamtofautishaje mgonjwa na mtu anayependa tu mazoezi? Swali hili ni la haki, maana hatutaki wasomaji wetu waanze kuwatilia shaka mabwana wote wanaokimbia asubuhi. Wenzake Dakta Pope walilijibu mwaka 2000. Walilinganisha wanyanyua vyuma 24 wenye tatizo hili na wengine 30 wasio nalo. Wote walikuwa wanapenda vyuma. Lakini wale wazima walifikiria ukubwa wa miili yao kama dakika 40 kwa siku, na wagonjwa zaidi ya saa 5. Wagonjwa walijitazama kwenye kioo mara 9 kwa siku, wenzao mara 3 hivi. Mtu akikosa mazoezi siku moja kwa sababu ya msiba wa shangazi yake, anasikitika kidogo na maisha yanaendelea. Mgonjwa hatakwenda msibani. Akienda, atakaa pale akihesabu saa na kuhisi misuli inayeyuka mwilini kama mshumaa.

Saa 5 kwa siku, mama mwenzetu, ni muda wa kufanya kazi nyingi shambani. Hapo ndipo inapokwenda akili ya mume anayeonekana amekaa nawe sebuleni na huku hakusikii.

Alianzaje kujichukia?

Hakuna chanzo kimoja. Madaktari wanasema wengine huzaliwa na mwelekeo wa kuingiwa na fikra zisizotoka, na katika ukoo wao huwa yupo mwingine mwenye wasiwasi wa aina hiyo. Wengi walitaniwa utotoni. Mara nyingi hali huanza ujana unapoanza kukomaa, mtu akiwa na miaka 17, 18 au 19, umri ambao mvulana hasemi na mama yake habari za mwili.

Lakini mbegu haioti bila udongo. Huko Marekani watafiti haohao walifanya jambo la kuchekesha. Walikusanya vinyago vya askari ambavyo watoto wa kiume huchezea, viitwavyo G.I. Joe, wakavipima kwa rula. Kinyago cha mwaka 1964, kama kingekuwa mtu mzima wa kimo cha kawaida, mkono wake wa juu ungekuwa na mzunguko wa sentimita 31. Huo ni mkono wa mwanaume yeyote mwenye afya. Kinyago cha miaka ya 1990 kingekuwa na mkono wa sentimita 68. Wengi wetu siku ya harusi hatukuwa na kiuno cha sentimita 68. Mkono kama huo si wa mwanadamu wa kawaida, na bado mtoto wa miaka 6 alilala nao kitandani akidhani ndivyo askari anavyokuwa.

Kwetu Afrika Mashariki udongo ulikuwa mwingine. Kwa miaka mingi mwanaume aliyefanikiwa alitambuliwa kwa kitambi chake, na mkewe alipata sifa kwa kitambi hicho. Mume akikonda, waliolaumiwa ni wa jikoni. Kisha likaja gonjwa la UKIMWI. Huko Uganda, lilipoanza kujulikana miaka ya 1980, watu waliliita slim, yaani kukonda. Kuanzia hapo mtu mwembamba hakuonwa tena kuwa mwembamba tu. Shati likimpwaya, watu walinong'ona. Dawa za kurefusha maisha zimebadilisha hali, lakini hofu ya kukonda bado imo ndani ya lugha yetu. "Mbona umepukutika hivyo?" ni salamu ya kawaida kabisa, na anayeitoa hadhani ametoa neno zito.

Juu ya hofu hiyo zimekuja picha. Zamani mwanaume aliyevua shati alionekana kwenye kalenda ya kinyozi au kwenye sinema ya mieleka. Siku hizi kijana anazo mfukoni, ndani ya simu, mamia kwa siku. Anazitazama akiwa peke yake, na hakuna anayemwambia kwamba picha ile imepigwa mara 40 kwa taa maalumu, na kwamba mwenye mwili ule alikaa siku mbili bila kunywa maji ya kutosha ili ngozi imshike. Akitoka hapo anakwenda kwenye vyuma vya uani, makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba, na kuanza kumkimbiza mtu asiyekuwepo.

Wanaume walipodhani wanajua tunachopenda

Sasa tufike mahali panapotuhusu hasa sisi. Mwaka 2000 Dakta Pope na wenzake walitoa matokeo ya kipimo walichowafanyia vijana wa kiume wa Marekani, Ufaransa na Austria. Kompyuta ilionyesha picha ya mwili wa mwanaume, na kila kijana aliweza kuuongezea misuli au mafuta, au kuvipunguza. Aliombwa achague picha nne: mwili alio nao, mwili anaoutamani, mwili wa mwanaume wa kawaida wa rika lake, na mwili anaodhani wanawake wanaupenda zaidi.

Katika nchi zote tatu vijana walichagua kutamani mwili wenye misuli ya kilo 13 hivi zaidi ya waliyokuwa nayo. Na mwili waliodhani sisi wanawake tunaupenda ulikuwa na kilo 14 zaidi. Kilo 14 za misuli! Huo ni uzito wa mtoto wa miaka mitatu. Wanawake walipoulizwa wenyewe, walichagua mwanaume wa kawaida tu, asiyeongezwa chochote.

Tunadhani ukweli huu unastahili kusomwa mara mbili. Mamilioni ya wanaume wanajitesa ili wawapendeze wanawake ambao hawakuomba kupendezwa namna hiyo. Hakuna aliyewauliza. Na sisi, kwa aibu au kwa mazoea, hatukusema.

Mwaka 2005 kipimo hicho kikafanywa Taiwan. Huko vijana walidhani wanawake wanapenda mwili wenye kilo 2 hivi tu zaidi ya mwanaume wa kawaida, na hawakuichukia miili yao kama wenzao wa Magharibi. Watafiti walitoa sababu kadhaa: magazeti ya huko hayakujaa wanaume waliovua nguo, na katika mila za Kichina uanaume hauhesabiwi sana kwa misuli. Tukisoma hayo tunawakumbuka babu zetu. Mwanaume aliheshimiwa kwa neno lake barazani, kwa shamba lake, kwa jinsi alivyosimamia mahari za vijana wake. Hata mwenye nguvu alisifiwa kwa kazi aliyoifanya kwa nguvu hizo, kama kuchimba kisima au kuvuta ngarawa, na kazi ikiisha hakuna aliyekwenda kumpima mkono.

Lakini tusijidanganye kwamba mila zitatulinda zenyewe. Wapo wanawake ambao, wakitazama mieleka kwenye televisheni mbele ya waume zao, husema, "Huyo ndiye mwanaume bwana!" Ni utani. Mume mzima atacheka na kusahau. Mgonjwa atalibeba neno hilo mwezi mzima. Vivyo hivyo kwa wavulana wetu: ng'onda, njiti, mbavu za mbwa, haya ni majina ambayo shangazi na wajomba huyagawa bure sikukuu ikifika. Mama akiona mwanawe wa miaka 15 ameanza kula chumbani peke yake, anakataa kuoga mtoni na wenzake, na anaomba fedha za makopo ya unga, basi ajue utani huo umeshafika mahali pake. Afadhali awakataze ndugu waziwazi, hata kama watamwona mkali.

Kuishi naye na kuzungumza naye

Kosa linalofanywa kwa upendo mkubwa ni kumjibu. Anauliza kama amepungua, mke anasema hapana. Anauliza tena, mke anasema hapana. Jibu lile humtuliza dakika chache, kisha wasiwasi hurudi na njaa zaidi. Waganga wa akili wanashauri mke aache kuwa kioo cha pili. Anaweza kusema kwa upole, "Baba Fulani, swali hili nimelijibu mara nyingi na halikusaidii. Naona linakuumiza. Niambie unavyojisikia." Atakasirika siku za kwanza. Kumcheka ni vibaya zaidi, na kumwambia "una misuli ya kutosha, acha upuuzi" hakumfikii, maana yeye anadhani unamhurumia.

Wakati wa kusema ni muhimu. Usimngoje mlangoni akitoka mazoezini. Usiseme mbele ya watoto wala mbele ya ndugu zake. Zungumza juu ya mambo yanayoonekana, bila kugusa mwili wake: harusi alizokosa, fedha za sare, usiku anaokaa macho, mtoto anayemsubiri wacheze. Mwili wake ataubishia. Kiti chake kilichokuwa kitupu kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yake hawezi kukibishia.

Wanaume wengi watakubali kumwona daktari kwa ajili ya mgongo au usingizi kabla ya kukubali neno akili. Si vibaya kuanzia hapo. Tiba ipo, na ni ya aina mbili zinazoweza kwenda pamoja. Ya kwanza ni mazungumzo ya mpango na mtaalamu, ambayo humfundisha mgonjwa kupambana na fikra zake hatua kwa hatua: wiki hii atajitazama kwenye kioo mara mbili tu, wiki ijayo atavaa shati la mikono mifupi sokoni, wiki nyingine atakula sahani ya pilau bila kupima chochote na kuona kama mbingu zitaanguka. Ya pili ni dawa za kupunguza mfadhaiko. Mwaka 2002 Dakta Katharine Phillips alionyesha kwamba dawa iitwayo fluoksetini iliwasaidia watu wenye fikra za kilema cha mwili kuliko vidonge visivyo na dawa. Hufanya kazi polepole. Huenda zikapita wiki 6 hadi 12 kabla ya kuona nafuu, na wengi huacha mapema wakidhani imeshindwa.

Hospitali ya Muhimbili jijini Dar es Salaam, Mirembe ya Dodoma na Mathari ya Nairobi zina wataalamu wa magonjwa ya akili. Tunajua majina hayo yanavyotamkwa mitaani, na tunajua mke anayepeleka mume wake huko atakavyosemwa. Mchungaji au mzee anayeaminiwa anaweza kusaidia sana kumshawishi, mradi asimwambie mgonjwa kwamba anaabudu mwili wake. Tayari anauchukia. Na ikiwa anazungumza habari za kufa, au kusema kwamba watoto wangekuwa na heri bila yeye, usingoje siku ya kliniki. Ugonjwa huu umewafanya wengine wajaribu kujiua, pamoja na misuli yao yote.

Sindano, na mtoto asiyekuja

Si kila mwenye dismofia ya misuli anatumia dawa za kukuza misuli, wala si kila anayezitumia ni mgonjwa. Lakini mambo haya mawili hukutana mara nyingi mno, na hapa mke anaumia kwa namna ambayo hata hajui imetoka wapi.

Dawa hizi, steroidi, zinatokana na homoni ya kiume iitwayo testosteroni, ambayo wanasayansi wa Ulaya walifanikiwa kuitengeneza maabara mwaka 1935. Mwaka 1958 kampuni ya Uswisi, Ciba, ikaanza kuuza vidonge vya Dianabol huko Marekani, na wanyanyua vyuma wakavigundua haraka. Dunia nzima ilisikia habari zake mwaka 1988, Ben Johnson wa Canada alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.79 kwenye Olimpiki ya Seoul na kunyang'anywa medali siku tatu baadaye. Madaktari huzitumia kwa haki kabisa, kwa mfano kwa mvulana aliyechelewa kubalehe au kwa mgonjwa aliyedhoofika sana. Anayejitibu mwenyewe hutumia kiasi kikubwa mara nyingi zaidi.

Kinachotokea ni hiki. Korodani hufanya kazi kwa amri kutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Testosteroni ikiingia kwa sindano, tezi ile huona homoni ni tele na huacha kutoa amri. Korodani husinyaa na mbegu za kiume hupungua au kuisha kabisa. Nguvu za tendo la ndoa zinaweza kubaki palepale, hata kuzidi, kwa hiyo hakuna anayeshuku. Jambo hili ni la hakika kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani liliijaribu sindano hiyo kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 1990, wanaume wa nchi 7 walichomwa miligramu 200 kila wiki, na zaidi ya nusu hawakuwa na mbegu hata moja. Isitoshe, testosteroni iliyozidi hugeuzwa mwilini kuwa homoni ya kike, na mwanaume aliyetafuta kifua cha simba huota matiti.

Sasa rudi kwenye nyumba yetu ya mfano. Wamekaa miaka minne baada ya kifungua mimba bila mimba nyingine. Nani analaumiwa? Mke amekwishapigwa picha ya kizazi, amekunywa mizizi, amepelekwa kwa kila mtu. Mume hajapimwa, kwa sababu mtazame alivyo! Mwanaume wa kifua kile atakosaje mbegu? Mama mkwe anaanza kuzungumza juu ya mke wa pili. Na kwenye begi la mazoezi, chini ya taulo, kuna chupa ndogo ambayo hakuna anayeiuliza. Katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, tatizo la mume limo, peke yake au pamoja na la mke. Mwanamke asikubali kuchunguzwa mara ya pili kabla mumewe hajachunguzwa mara ya kwanza.

Chupa si dalili pekee. Chunusi nyingi mgongoni kwa mtu mzima, hasira za ghafla, shinikizo la damu katika umri mdogo, uvimbe unaouma chini ya chuchu, alama za sindano pajani au kwenye tako. Sindano ikishirikiwa na wenzake, UKIMWI na homa ya ini huingia nyumbani kwa mlango huo. Akitumia testosteroni ya kupaka, watoto wasiguse mahali alipopaka wala kulalia shati lake. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali liwekwe baada ya watoto wadogo kuonyesha dalili za kubalehe. Hata unga unaouzwa waziwazi haufai kuaminiwa kwa sababu tu kopo lina picha nzuri. Maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima virutubisho 634 kutoka nchi 13 na kukuta 94 vimechanganywa na homoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo.

Ukiikuta chupa, usiimwage kwa siri. Akiacha ghafla baada ya matumizi ya muda mrefu, mwili wake unakuwa hauna homoni ya sindano wala ya kwake, na hapo huzuni kubwa humwangukia, tamaa ya tendo la ndoa hufa, na misuli aliyoiabudu mbele ya kioo hupungua machoni pake. Ni wakati wa hatari. Aache akiwa mikononi mwa daktari, na amwambie daktari ukweli wote: jina la dawa, kiasi, na muda. Wake wengi wameona ni rahisi kuandika mambo hayo kwenye karatasi na kumpa daktari, kuliko kumngoja mume ayatamke.

Habari njema ni kwamba kwa wengi mbegu hurudi. Kwa wengine ni miezi michache, kwa wengine mwaka na zaidi, na kwa wachache daktari atalazimika kuwapa dawa za kuiamsha ile tezi. Kipimo chenyewe ni chepesi kuliko vyote alivyopitia mke: siku 2 hadi 7 bila tendo la ndoa, kisha chupa safi na chumba chenye mlango unaofungwa. Majibu ya kwanza yakiwa mabaya msikate shauri lolote siku hiyo, wala msiyapeleke kwa wazazi. Mbegu huchukua karibu miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo kipimo hurudiwa baada ya miezi 3, mkiwa mmekwenda wote wawili.